Jina la Mzee Mbithi

Kwa miaka kumi na mmoja Kavutha alifundisha somo la mila na ibada katika chuo kikuu kimoja katikati ya jiji la Nairobi. Alikuwa amesimama na Wahindu wakichoma maiti zao, akaketi na wanawake wa Kiislamu waliozoea kuosha marehemu, akarekodi nyanya wa Ukambani wakieleza walivyowapa watoto majina. "Jina ndilo humfanya mtoto kuwa mtu," aliwaambia wanafunzi wake kila mwaka.

Akiwa na miaka arobaini na mmoja alipata mimba yake ya kwanza. Ilipofika mwezi wa nane, mtoto aliacha kucheza. Daktari alipitisha mashine tumboni, kisha akamwita mwenzake. Kesho yake Kavutha alijifungua mvulana. Mtoto hakulia.

Nesi mmoja, Everlyn, alimfunga mtoto kwa shuka na kumlaza kifuani pa mama yake. Alikuwa na nywele nyingi na kidevu cha Mulwa, baba yake.

"Pole kuwauliza saa hii," Everlyn alisema. "Mtamchukua, ama mnaachia hospitali? Lazima nijaze fomu."

"Tutamzika," Kavutha alijibu.

"Na jina?"

"Mbithi."

Ndilo walilokubaliana. Mbithi alikuwa baba yake Mulwa, amekufa miaka sita sasa, na mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake. Lakini Mulwa, aliyekuwa amesimama dirishani, aligeuka. "Ngojeni kwanza," akasema. "Niongee na mama."

Mama yake, Mukai, alifika mchana kutoka Riruta na chupa ya uji. Alimfunua mtoto uso, akamtazama, akalia. Kisha akajipangusa na ncha ya leso.

"Mwanangu, kulia sikukatazi," alimwambia Kavutha. "Lakini jina la mzee halizikwi mara mbili. Ukimpa huyu, yule atakayekuja ataitwa nani?"

"Na kama hakuna atakayekuja, Mama?"

Mukai akamfunika mtoto uso tena. Kavutha akaanza kumweleza kwamba wako watu wanaomwosha mtoto kama huyu, wakamvisha sanda, wakampa jina. Alizungumza haraka haraka, kama aliyechelewa darasani.

"Hao ni hao," Mukai alisema kwa upole. "Sisi je?"

Mwanafunzi angeandika hivyo kwenye mtihani, Kavutha angempa alama zote.

Akampigia simu mchungaji wao, Kitonga. "Nitakuja niwaombee nyinyi wawili," mchungaji alisema. "Lakini ibada ya mazishi ya mtoto ambaye hakupumua, dada yangu, kwa kitabu chetu haiko."

Mulwa alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Kavu, mama siwezi kumpinga," alisema. "Na wewe pia siwezi. Nifanye nini?"

Saa kumi na moja Everlyn alirudi, tayari amevaa sweta ya kwenda nyumbani. "Naandika jina gani?"

Mulwa alitazama sakafu. Kavutha akafungua kinywa. Akamwona Mukai akimmiminia uji kikombeni, uji ukimwagika kidogo kwenye sahani, na hakulitaja jina. Everlyn akangoja, akangoja. Mwishowe akaandika huku akisoma kwa sauti ya chini: "Mtoto mvulana wa Kavutha."

Asubuhi wanaume walimpeleka mtoto makaburini Lang'ata. Kavutha hakuweza hata kusimama. Mulwa alirudi na tope viatuni.

"Ni karibu na ua wa makaburi," alisema. "Wameweka kibao, kina nambari."

"Nambari gani?"

Mulwa alifumba macho. "Nilikuwa nayo kichwani mpaka tukafika barabarani." Akafunika uso kwa mikono.

Siku ya tatu, wakiwa wamesharudi nyumbani, maziwa yakaja. Yaliloanisha blauzi, yakaloanisha shuka. Anti Indu alimkuta hivyo. Alikuwa mama mzee wa Loresho ambaye Kavutha aliwahi kumhoji kwa miezi mingi kuhusu mila za Wahindu. Hakusalimia sana. Aliomba leso, akamfunga kifua kwa nguvu, akakaza fundo.

"Wangu pia alitoka hivyo," akasema. "Mwaka wa sabini na tisa. Wanaume walimpeleka. Mpaka leo sijui wapi."

Kavutha akamtazama. "Miezi yote ile, Anti, hukuniambia."

"Wewe uliuliza tunafanya nini mtu akikufa. Huyo hatukumfanyia kitu."

"Na wewe? Wewe ulifanya nini?"

"Nilipika chapati. Watu walikuwa na njaa."

Walimsikia Mukai jikoni akiosha vyombo. Maziwa yalikuwa yameanza kupenya kwenye leso, na Indu akaifungua ili aifunge upya.