Ngiri Isiyo na Mshono

Bwanali alirudi Mnyambe kutoka kupasuliwa ngiri Masasi akiwa na plasta tatu tumboni, kila moja saizi ya kucha. Hapo ndo akaharibu.

Maana ulikuwa msimu wa salfa, dawa ya mikorosho. Mikorosho imechanua, ubwiri unga, ule ukungu mweupe, unanyemelea maua, na daktari kamkataza kubeba kizito. Mashine ya kupulizia inakaa mgongoni, nzito kama mbuzi mkaidi. Kwetu mtu akipasuliwa, majirani wanampulizia shamba. Ila kwanza waje kutoa pole, na wakija wauone mshono.

Wakaja, na kuku, na ming'oko, vile viazi vya porini. Fatu, mkewe, akatandika mkeka.

"Tuone basi," akasema mzee Ladislaus, jirani.

Bwanali akainua shati.

"Bwanali, hapo umepasuliwa au umeng'atwa na siafu?"

"Matundu tu, mzee. Wamejaza hewa tumboni, wakapitisha kamera, wakatandaza wavu kwa ndani, kuziba pale utumbo unapochungulia."

"Wavu! Na golikipa wamekuachia?"

Hata Fatu alicheka. Ladislaus akabeba kuku wake, wengine wakamfuata. Na mzee mwenyewe ana ngiri, tena ya kutisha, fundi anamshonea suruali kwa kukadiria. Lakini uvivu wa mwenzake anaunusa toka Chilangala, kijiji kingine kabisa.

Asubuhi mimi rafiki yake nikamkuta Bwanali anafunga mikanda ya mashine, Fatu kaishikilia asiibebe.

"Shemeji, mwambie! Huo wavu haujashika bado!"

"Na maua yakiungua tutakula wavu?" Bwanali akafoka.

Mimi udaktari niliuachia njiani, ila somo la bendeji nililiwahi. Nikamviringisha toka kitovuni mpaka pajani, nikammwagia iodini mpaka akafanana na mshikaki. "Tembea umejikunja," nikamwambia. "Ukiulizwa, mshono wenyewe uko huku chini, jana uliona haya. Ukisalimiwa, guna."

Akaguna kijiji kizima. Kesho yake majirani wakajaa shambani, kuku akarudi na mwenzake. Ladislaus akabeba mashine mwenyewe, atuonyeshe wanaume wa zamani walivyokuwa. Mti wa pili, ngiri ikatoka, ikagoma kurudi.

Tukamkimbiza Masasi, Bwanali akiwa mwenyeji wetu wa wodi. Daktari yuleyule wa Bwanali akaisukuma ikarudi, akasema, "Mzee, tutakufanyia ya matundu. Utapona haraka."

Ladislaus akamng'ang'ania koti.

"Mwanangu, usinionee. Nipasue kama huyu! Ukinitoboatoboa tu, shamba langu atalipulizia nani?"

Daktari akamgeukia Bwanali, akaitazama ile bendeji.

Bwanali akaguna.