Amri ya Sahani Nyeupe

Juu ya milima palikuwa na ufalme mdogo ulioitwa Ndekelwa, ambao watu wake walijivunia mambo mawili: chakula chao na miguu yao. Asubuhi walikunywa uji wa ulezi, mchana wakala ugali wa mtama kwa mlenda, na bibi wa miaka themanini alipanda mteremko na mzigo wa kuni kichwani huku akisengenya bila kuhema. Kila mwaka baada ya mavuno walishuka mpakani kuvuta kamba na watu wa ufalme wa Bondeni, na kila mwaka watu wa Bondeni walirudi kwao na matope magotini.

Nakunda alikuwa mwonjaji wa Mfalme. Kazi yake ilikuwa kula tonge la kwanza la kila sahani, kungoja kidogo, kisha kutangaza, "Salama, Mfalme." Ulimi wake ulisifika, aliweza kukwambia mlenda umechumwa wapi na nani kauchuma. Nyumbani alikuwa na mume, Kiangi, nahodha wa wavuta kamba, mwanamume wa kifua kipana na majigambo mapana zaidi.

Mambo yaliharibika siku Mfalme alipoalikwa karamuni Bondeni. Alipewa wali mweupe, mkate mweupe, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Alipoulizwa kwake hula nini, akataja mlenda. Mtu mmoja mwishoni mwa meza akachekea puani. Mmoja tu. Lakini Mfalme alipanda nacho kicheko kile mpaka ikulu, na hakikumtoka.

Wiki hiyohiyo Waziri wa Heshima akatangaza Amri ya Sahani Nyeupe: chakula cheusi au cha kijani ni tusi kwa kiti cha enzi. Wakaguzi wa Vyungu wakazunguka wakinusa milango ya watu. Ulezi wote ukateremshwa mpakani kubadilishwa kwa sukari na unga mweupe, gunia kwa gunia, na watu wa Bondeni wakaupokea kwa huruma nyingi.

Mwanzoni watu walifurahi, tusidanganyane. Nani asiyependa andazi? Kiangi alikula matano kwa kikao kimoja na kusema sasa na yeye ni mstaarabu. Lakini kufikia mwaka wa pili alikuwa akimaliza mtungi wa maji kutwa na kiu haimwishi, na kidonda cha kidole cha mguu kikagoma kupona. Nakunda mwenyewe alikaa siku nne bila kupata choo. Na kwa kuwa alikula alichokula Mfalme, alijua vizuri kwa nini Mfalme siku hizi ana hasira.

Siku moja barazani Tabibu Mkuu aliulizwa habari za wazee kuvimba miguu.

"Haijavimba, Mfalme," alisema. "Imestawi."

"Na huku kuhema njiani?"

"Ni pumzi za shukrani," akadakia Waziri.

Nakunda, aliyesimama nyuma ya kiti na kijiko chake, alishindwa kuvumilia. "Mfalme wangu, kidonda cha mume wangu kina miezi mitatu. Naomba ruhusa nimpikie ulezi."

"Mwonjaji ulimi wake ni wa kuonjea," Waziri akamkata. "Hakuna aliyeuomba useme."

Mfalme hakumtazama. "Tutakapowavuta Bondeni mwaka huu, mtaona afya iko wapi."

Siku ya kamba ikafika. Kiangi alifunga kidole chake kitambaa, akajipanga mbele na wenzake. Filimbi ikalia, na kabla haijamaliza kulia wanaume wa Ndekelwa walishavutwa ng'ambo, wamerundikana kama magunia. Nakunda akamkimbilia mumewe, akamkuta kifudifudi, machozi yakimtoka.

"Miguu, mke wangu," alisema. "Niliiita. Haikuja."

Mfalme wa Bondeni, kwa adabu ya mshindi, akamletea mwenzake kibuyu. "Hiki ndicho kinywaji cha vijana wangu. Karibu."

Nakunda akajifuta matope, akaja kuonja. Akaonja tena, na tena, bila kutangaza salama.

"Sumu?" Mfalme akanong'ona.

"Hapana, Mfalme. Ni uji wa ulezi wa Bibi Makasi, wa mteremko ule nyuma ya jiko lako. Ni yeye peke yake anayeukausha darini juu ya moshi wa mparachichi."

"Haiwezekani!" Waziri akaruka. "Ladha hii ni ya kigeni kabisa. Tuandikiane mkataba watuletee."

Lakini Mfalme alikuwa keshakipokea kibuyu. Akanywa mpaka mwisho, macho kayafumba, na falme mbili zikimwangalia.

"Mlituletea wenyewe," Mfalme wa Bondeni akasema kwa upole. "Tulidhani hamuupendi."

Nakunda akamkabidhi Waziri kijiko. "Endelea kuonja wewe. Mimi nakwenda kumpikia mume wangu."

Kesho yake asubuhi alibeba chungu chake kikubwa na gunia la ulezi alilorudi nalo kutoka mpakani, akakiinjika mbele ya lango la ikulu, peupe, akawasha kuni. Kiangi alikaa kando, mguu juu ya kigoda, akikoroga. Mkuu wa Wakaguzi wa Vyungu akaja mbio.

"Nini hiki?"

"Uji mweusi. Niandike."

Mkaguzi akainama, akanusa kama kazi yake inavyomtaka. Akanusa tena. "Una kata ya ziada?" akauliza.

Kufikia mchana vyungu vilikuwa kumi na viwili, na mlenda ukichemka katika vitano. Waziri akatoka na amri mpya: ulezi unaruhusiwa, mradi uitwe Unga wa Bondeni. Aliisoma mpaka mwisho, na muhuri akauonyesha, lakini watu walikuwa wakinywa uji wa moto, na uji wa moto haunywewi kimyakimya.

Hatimaye lango likafunguka, akatoka Mfalme, peke yake, bakuli mkononi. Akaja moja kwa moja mpaka mbele ya chungu cha Nakunda, akanyoosha bakuli.

Nakunda hakuinua kichwa. "Foleni inaishia kule, Mfalme."

Mfalme akageuka kutazama, mbali, nyuma ya zizi la mbuzi. Akapandisha joho lake lisiburure matope, akaenda kupanga foleni.