Meno Mapya ya Mpishi wa Pilau

Mume wangu Mwinjuma alikaa miaka sita bila jino hata moja la juu na hakuona aibu. Alicheka mpaka ufizi wote ukaonekana, sokoni, msikitini, kwenye harusi za watu. Siku binti yetu Najma alipompeleka kwa daktari wa meno akarudi na meno ya bandia, meupe, yamepangana sawasawa, ndipo aibu ikamwingia. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kumwona kibogoyo, hata mimi mkewe. Akitaka kuyasafisha huenda nyuma ya jiko na kopo la maji, anafunga mlango wa bati kama mtu anayeoga. Nikimwita anaitikia kwa mguno, ili asifungue mdomo.

Mwinjuma ni mpishi wa shughuli. Chang'ombe na Temeke yote, ukisikia pilau imelika mpaka masinia yakarambwa, uliza aliyepika. Siri yake iko kwenye maji. Pilau haingojwi iive ndipo ionjwe. Huonjwa maji yakichemka na nyama na viungo, kabla mchele haujaingia. Hapo chumvi lazima izidi kidogo, kwa sababu mchele utaivuta. Ukishafunika na kupalia makaa juu, huna la kufanya ila kumwomba Mungu. Basi Mwinjuma humwaga matone mgongoni mwa mkono, akalamba, akafumba macho, akaamua. Miaka arobaini hakumruhusu mtu mwingine aonje maji yake, hata msaidizi wake Twaha, mtu mzima mwenye wajukuu.

Ugomvi ulianzia mkekani kwangu. Wiki ya pili ya meno nilimpikia changu wa nazi. Akaonja, akasukuma bakuli.

"Mama Najma, siku hizi unasahauga chumvi."

"Chumvi ipo."

"Haipo. Umri nao una mambo yake."

Nilinyamaza, maana ningefungua mdomo majirani wangekuja kuamua. Miaka thelathini na nane nampikia, leo meno ya juzi ndiyo yanifundishe chumvi. Akaongeza kijiko, akala, akasifu. Nililala na hasira, nikaamka nayo, na kesho yake ikawa vilevile. Mwezi mzima.

Halafu ikaja hitma ya mtaa wa pili. Watu walikula pilau yake kimya, tonge moja, maji mafunda mawili. Hakuna aliyesema kitu, maana chakula cha hitma hakisemwi. Lakini wiki ileile watu wawili waliokuwa wamempa kazi za harusi zao wakaja na maneno laini: sijui ukoo umeamua, sijui ukumbi una wapishi wake. Ikabaki harusi moja tu, ya Ahlam, binti wa Mzee Muhdhar mwenye duka la nafaka. Watu mia tano.

"Hii nikiiharibu natundika mwiko," Mwinjuma aliniambia, na hakuwa anatania. Nikamwonea huruma, hasira zangu zikiwa palepale.

Siku tatu kabla ya harusi nilikwenda nyuma ya jiko kumwaga jivu, nikasahau kubisha. Nikamkuta meno ameyatia kwenye kopo, yeye ameinamia sufuria la mchuzi uliobaki mchana, anachovya kidole. Akakunja uso.

"Nani kaujaza chumvi huu?" aliuliza, kabla hajakumbuka kufunika mdomo kwa kiganja.

"Wewe. Umeiongeza mwenyewe mchana, ukiwa umevaa meno."

Nikachungulia kopo, nikaelewa. Lile pande la plastiki linaloshika meno lilikuwa limemfunika kaakaa lote, ladha inapita juujuu. Mkono wangu haukuwa na kosa. Mdomo wa mwenzangu ndio ulioezekwa bati. Nilitaka kumcheka, na nikamcheka.

"Basi siku ya harusi yavue, onja, yarudishe," nilimwambia.

"Mbele ya watu?"

"Si ulikuwaga kibogoyo mbele yao miaka sita?"

"Wakati huo sikuwa na meno," alijibu, kana kwamba mjinga ni mimi. "Bora waseme chumvi imezidi kuliko waseme Mwinjuma anavulia meno kwenye pilau yao."

"Basi aonje Twaha."

"Twaha anaweka ugoro mdomoni. Ataonja ugoro."

Sikujitolea. Aliyeniambia nimezeeka na hajaniomba radhi, simpelekei ulimi wangu.

Jumamosi, uwani kwa Mzee Muhdhar, masufuria matatu yalikuwa juu ya mafiga. Mimi nilikuwa upande wa wanawake nikikata vitunguu vya kachumbari. Maji yalipochemka nikaweka kisu chini. Mwinjuma akamwaga matone mgongoni mwa mkono, akalamba, akafumba macho. Akachukua kibakuli cha chumvi, kisha akabaki amekishika. Mzee Muhdhar akasogea na tasbihi yake.

"Vipi mpishi, mchele uingie?"

Mwinjuma aligeuka akatazama upande wetu.

"Mama Najma," aliita, na uwanja mzima ukasikia, "hebu njoo unionjee."

Visu vikatulia. Twaha akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nikatengeneza mtandio wangu, nikavuka. Akanimwagia matone kiganjani. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya mwezi mzima, na wa kuyasikia walikuwepo. Nikalamba. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo tu, pale pale inapotakiwa.

"Imetosha," nilisema. "Usiongeze hata punje."

Alinitazama usoni. Kwenye ulimi wake yale yalikuwa maji matupu, hilo nalijua. Akakiweka kibakuli chini.

"Twaha, tia mchele."

"Siku hizi fundi ni mkeo?" Mzee Muhdhar akamtania.

"Mie nina mkono, mzee. Yeye ana ulimi."

Wanawake wakacheka, maana ulimi wangu wanaujua. Masinia yalirudi meupe, na kabla ya alasiri watu watatu walishaniomba namba ya Mwinjuma.

Tulirudi nyumbani na kindoo cha pilau. Mwinjuma hakwenda nyuma ya jiko. Alikaa mkekani, akaomba glasi ya maji, akayavua meno mbele yangu mchana kweupe, akayatumbukiza. Akachukua tonge, akalimumunya taratibu. Mashavu yakaingia ndani, kidevu kikapanda kikakaribia pua. Sura ile nilikuwa nimeikumbuka sana, na mpaka wakati huo sikuwa najua.

"Vipi chumvi?" nilimuuliza.

"Ilitosha." Akameza. "Na ya kwako ilikuwaga inatosha siku zote. Nisamehe, Mama Najma."

Nikamwambia ale kwanza, habari za msamaha tutazungumza akishavaa meno. Lakini moyoni nilikuwa nimeshamsamehe tangu kule uwani, alipoweka kibakuli chini.