Shubiri Moja na Nusu

Tangu mama yao azikwe na kiwanja chake kigawanywe, Fundi cherehani na mdogo wake, mwalimu mstaafu, hawakuwa wamepeana hata salamu. Upana wa mita ishirini na nne ulikatwa katikati, kumi na mbili za mkubwa na kumi na mbili za mdogo, na Mwalimu akatangulia kujenga ukuta wa mpaka. Siku ulipokauka, Fundi alitoka na utepe wake wa kushonea, akapiga magoti mbele ya majirani na kupima upande wake, akiuhamisha utepe kila ulipoishia. Akapata mita kumi na moja na sentimita sitini na tano. Akarudia, zikawa zile zile. Upande wa nduguye hakuupima; alichokipata kilimtosha.

Mwalimu alimpelekea ujumbe kwamba amwite mwashi aje na tepu ya chuma. Fundi alijibu kwamba utepe wake umewavisha watu wa mtaa ule kwa miaka thelathini, mabwana harusi na maiti, na hajapata kuona mtu aliyerudisha nguo kwa kumbana. Tepu ya chuma ya mtu aliyelipwa na mwizi ataisadikije? Neno hilo, mwizi, alilibeba pamoja na nguo alizokuwa akizipeleka kwa wenyewe. Alipokabidhi suruali alikabidhi na habari ya shubiri moja na nusu iliyoibwa. Akawakumbusha watu jinsi Mola anavyowachukia wanaopunja vipimo, na macho yake yakielekea kwenye ukuta.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Katika mwaka wa tatu binti yake mkubwa aliachika, akarudi na watoto wawili, akapewa chumba cha nyuma kilichokuwa cha kuwekea vitambaa. Hakuwa mtu wa kukaa akijililia. Haukwisha mwezi akawa katibu wa kamati ya mtaa, akizunguka na daftari lake kwapani, na baba yake akawa anasikia mambo ya mtaa kutoka kinywani mwa mwanawe kabla hayajafika dukani.

Jambo kubwa lilikuwa mfereji. Kila mvua iliponyesha, maji ya barabarani yaliteremka hadi kwenye ukuta ule, yakakosa njia, yakaingia chumba cha nyuma. Watoto walilala juu ya meza ya kukatia. Kamati ilikubali kuchimba mfereji kandokando ya mpaka, mradi wenye kiwanja wote wawili watie saini. Mwalimu alikuwa tayari. Fundi alikataa, kwa kuwa kutia saini ni kuukubali ukuta, na kuukubali ukuta ni kumhalalishia mwizi.

Binti alimfuata dukani asubuhi moja, viatu vyake vikiwa bado vimelowa.

"Baba, mkutano ni kesho alasiri. Usipotia saini, nahamia kwa baba mdogo na wanangu. Ameshanipa chumba."

"Nenda," alisema Fundi, mguu wake haukuachia cherehani. "Chumba chenyewe kimesimama juu ya ardhi yangu. Utakuwa hujatoka kwangu."

"Wewe unaishi kwa shubiri moja na nusu, baba. Mimi ninaishi ndani ya maji." Akaondoka bila kuaga, na Fundi akashona mshono ule wote kombo, ikambidi aufumue.

Adhuhuri mwashi wa kamati aliingia kutiwa kiraka kwenye suruali ya kazi. Alikuwa mcheshi asiyejua kupima maneno. Akauliza kama kiraka kitatosha au nacho kitaibwa shubiri. Fundi hakucheka. Mwashi akaweka vifaa vyake juu ya meza, akavuka barabara kwenda kununua maji ya kunywa.

Tepu ya chuma ilikuwa imelala karibu na utepe. Fundi aliitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemwalika. Kisha, kwa nia ya kumfedhehesha mwashi atakaporudi, akaivuta, akaibana kwa pasi, akalaza utepe wake kando yake, mwanzo kwa mwanzo. Utepe ulipoisha, kwenye mia moja na hamsini, chuma kilisema mia moja hamsini na nne na nusu.

Alilaza tena. Akaunyoosha kwa kiganja, akaulegeza. Haukubadilika. Sentimita nne na nusu, mara karibu nane alizouhamisha utepe mbele ya ukuta, ndiyo shubiri yake moja na nusu. Miaka thelathini ya kuvutwa mabegani na viunoni mwa watu ilikuwa imeurefusha, na yeye hakujua, kwa sababu mwili na kitambaa vyote alivipima kwa utepe ule ule na nguo zikakaa. Mara moja tu, zamani akiwa bado anafundisha, ndugu yake alimletea vipimo vya sare za shule vilivyopimwa kwa tepu nyingine na kuandikwa kwenye karatasi, na sare zote zikawapwaya watoto. Fundi alimwambia Mwalimu kwamba hajui kuandika tarakimu.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kuitupa tepu ile mahali pake na kukaa kimya, na kesho akawa mwenye haki kama jana. Mwashi aliporudi alikuta kiraka tayari na Fundi ameinamisha uso.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule, wazee kwa vijana wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Hoja ya mfereji ilipofika, watu waligeuka kumtazama Fundi, wengine wakianza kutabasamu. Alisimama na utepe mkononi.

"Utepe wangu umevutika," alisema. "Ukuta uko mahali pake. Nileteeni kalamu."

Akatia saini. Minong'ono ikapita, na mtu mmoja nyuma akauliza kama suruali yake nayo ipimwe upya. Mwenyekiti akamsogezea Mwalimu karatasi, lakini Mwalimu aliweka mikono magotini.

"Mimi sasa ndiye nisiyetia saini," alisema. "Kaka, hukuniita mwizi hapa. Uliniita mlango kwa mlango. Ulisimama vizingitini mwa watu na nguo mkononi. Rudi kulekule ukaseme."

"Nimekwisha sema mbele ya mtaa."

"Umesema utepe umevutika. Ulimi je?"

Fundi alimgeukia binti yake, akitarajia kwamba damu itamtetea. Binti alikuwa anaandika.

"Ni nyumba kumi na nane, baba," alisema. "Nimeziorodhesha. Na ya baba mdogo, ya kumi na tisa, iwe ya mwisho."

Alizizunguka kwa siku mbili, na utepe shingoni kama kawaida yake na karatasi ya kamati mfukoni. Wako waliomkaribisha kiti, akakataa. Mama mmoja alimwambia kwamba hakuwahi kuamini. Mwingine, aliyeamini kuliko wote, alimfungia mlango. Kila mahali alisema maneno yale yale machache. Mlango wa kumi na tisa alifungua Mwalimu mwenyewe, akamsikiliza hadi mwisho bila kumsaidia kwa neno, akaegemeza karatasi kwenye mwimo wa mlango, akatia saini.

"Mpe mwanao," alisema. Hakumwambia aingie.

Jumamosi uchimbaji ukaanza. Binti alikuwa bado hajahamisha vitu vyake wala hajasema kama atavihamisha. Alisimama mpakani na daftari. Mwashi akataka mstari unyooshwe kabla ya jembe la kwanza, akawapa ncha za tepu waliokuwa karibu. Fundi akashika moja. Ya pili ikaangukia mkononi mwa Mwalimu. Hawakutazamana. Mwalimu aliivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, Fundi naye akaivuta kwake, na chuma kikasimama baina yao kimekazika, kikitetemeka, hata mwashi alipokwisha kuweka alama na kuwaambia inatosha.