Chumba cha Karibu na Geti

Kila alikokwenda kutafuta chumba, fundi rangi alianza na lile baya: mimi nimetoka jela. Aliona afadhali afungiwe mlango mapema kuliko kutolewa godoro nje baadaye, majirani wakitazama. Na milango ilifungwa kweli. Mwenye nyumba mmoja alikumbuka ghafla kwamba chumba kina mtu, na huku kashika ufagio wa kukisafishia.

Basi mama mmoja mjane, mwenye nyumba ya wapangaji, aliposikia habari ya jela akatabasamu, fundi aliingiwa na shaka. Mama hakuuliza kosa, wala mdhamini. Alimpima tu mabega kwa macho, kama anayenunua kabati, akamwonyesha chumba cha mbele, ubavuni mwa geti. Dirisha kubwa, sakafu haina ufa. Fundi akagonga kuta, akanusa pembe zote, akatafuta ubaya asiuone. Hapa kuna namna, akajiambia.

Lakini chumba alikihitaji. Binti yake alikuwa kwa dada yake, na mume wa dada huyo alishatamka: mtoto atamfuata baba siku baba akiwa na mlango wake mwenyewe.

Akahamia, na shaka ikahamia naye. Akipita uani, wapangaji wananyamaza. Akienda bombani, wote wanampisha, kila mtu eti ndoo yake haina haraka.

Jumapili akaja bwana mmoja mnene, mdogo wa marehemu mume wa yule mama. Alizoea kuja kumsumbua mjane ahame, eti nyumba ni ya kaka yake. Mama akamwita fundi upesi. "Usiseme kitu, mwanangu. Simama tu hapo getini."

Bwana mnene akarudi nyuma hatua. "Ndiye huyu aliyeua?"

Fundi akageuka kumtazama mama. Mama akatazama mawingu. Ndipo mambo yote yalipomwingia fundi akilini: ukimya, bomba, chumba kizuri.

"Mimi niliiba mabati," akasema. "Nikafungwa, nikamaliza. Sijamgusa mtu."

"Ndivyo mnavyosema wote," akajibu yule bwana, akaondoka kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuonekana anakimbia.

Mama akajishika kiuno, kicheko kimemjaa. "Umeona? Mabati hayamtishi mtu, mwanangu. Ningefanyaje mie?"

Fundi hakucheka. Alimweleza polepole kwamba binti yake anakuja kuishi hapa, na watoto wa uani watamwambia baba yako muuaji. Akamwekea ufunguo kiganjani. "Waambie kweli, mama. Leo, mimi nikiwepo. Ama sivyo godoro nalitoa mwenyewe."

Mama akanung'unika kwamba shemeji yake atarudi. Fundi akamjibu kwamba bwana huyo akirudi, yeye fundi atasimama tena getini, ila kwa kosa lake mwenyewe, si la kuazimwa. Mama akausugua ule ufunguo weee, mwisho akawaita wapangaji. Akasema huku anatazama vidole vya miguu: jamani, huyu hakuua, niliongeza chumvi. Ni mwizi wa mabati tu, tena zamani.

Wapangaji wakatazamana. Mama mshonaji wa chumba cha mwisho akaguna, akazunguka nyuma ya choo, akarudi amekumbatia bati lake jipya, likimkwaruza magoti. Akaliingiza ndani, akatia kufuli.

Fundi akaupokea tena ufunguo wake kwa mama. Angalau sasa wananiogopa kwa langu, akawaza, akaenda kumchukua binti yake.