Mshale Ukifika Tisa

Zuhura binti Seleman alileta pikapu yake kwenye karakana yangu, Magomeni ya Bagamoyo, ikiwa na injini ya pili na mshale wa joto uliokufa. Injini ya kwanza ilichemsha kwenye mlima wa kutoka mashamba ya Kiwangwa, amepakia mananasi hadi juu. Mshale wa gari ulikuwa umelala kwenye baridi kama kawaida yake, naye akauamini. Alipoona moshi chini ya boneti, kichwa cha injini kilikwisha kupinda.

Gari lile walilirithi kwa marehemu baba yao, yeye na kaka yake Muhidini anayekaa Vigwaza. Muhidini ndiye aliyehangaika kutafuta injini nyingine, na siku ilipofungwa alitamka mbele ya ndugu wote kwamba hii ikichemsha, gari linauzwa chuma chakavu na hakuna atakayemwita kwenye kikao. Zuhura alinieleza hayo bila kulalamika. Kisha akaniwekea mezani boksi lenye geji mbili, moja ya joto la maji na moja ya mgandamizo wa oili.

"Babu Ishaka," alisema, "mimi sitaki urembo. Nataka nijue gari langu linaumwa kabla halijafa."

Nilimwambia amekuja mahali pake. Nimefanya umeme wa magari miaka arobaini na minne, na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza naisoma mwenyewe, maana Kiingereza nilikisoma kwenye madarasa ya jioni baada ya kazi, hesabu vilevile, na cheti ninacho ukutani.

Kazi ya kufunga geji watu huiona ndogo. Vijana wengi huzibandika katikati ya dashibodi ili abiria wazione. Mimi nilikaa kwanza kwenye kiti cha Zuhura, nikainama hadi macho yangu yakawa sawa na yake, kwa sababu yeye ni mfupi na usukani humfichia nusu ya dashibodi. Nikaona pa kufaa ni kwenye nguzo ya kioo upande wa kulia, hatahitaji kugeuza shingo. Nilitoboa bati la mbele ya miguu, nikapitisha waya ndani ya mpira ili bati lisiukate. Waya wa taa niliuunga na taa ndogo za gari, geji zionekane hata giza likiingia.

Sensa ya joto inakaa kwenye bomba la juu la rejeta. Unalikata lile bomba la mpira, unaweka kiungo cha shaba katikati, na sensa unaifunga kwenye tundu la kiungo. Kiungo nilichongewa na Haidar, fundi wa kukereza vyuma kule Mbegani. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani wanasahau kwamba mpira haupitishi umeme, na geji haisomi hata kidogo. Mimi nilikifungia kiungo waya wake peke yake mpaka kwenye bodi, mahali nilipokwangua rangi hadi chuma kikang'aa. Tukawasha. Mshale ukanyanyuka taratibu kutoka kushoto, ukapanda, ukatulia juu kabisa.

Tatizo lilikuwa namba. Geji ile ilihesabu joto kwa kipimo cha Kimarekani, na pale juu palisomeka mia moja tisini na tano. Zuhura alishtuka, maana shuleni alifundishwa maji huchemka kwenye mia. Nikamweleza kwamba unatoa thelathini na mbili, unazidisha kwa tano, unagawa kwa tisa.

"Babu, nikiwa mlimani na tani moja ya mananasi nitagawa kwa tisa saa ngapi?" Alicheka. "Niambie kama saa ya ukutani."

Basi nikamwambia kama saa. Mshale ukisimama saa sita, gari ni zima. Ukielekea saa tisa, weka pembeni uzime. Akarudia mara moja, akaondoka. Wiki tatu alikwenda na kurudi, na kila akipita karakana alininyooshea kidole kimoja juu kupitia dirishani, yaani saa sita.

Wiki ya nne akafiwa na mama yake mdogo huko Pangani. Mananasi yalikwisha kukatwa na hayangoji, akamwomba Muhidini aje kuendesha siku moja. Alipita kwangu akiwa njiani kwenda msibani, akaniomba nimwandikie kaka yake maelekezo, kwa sababu Muhidini ni mtu wa kuamini kilichoandikwa. Nilifurahi kuombwa. Nilichukua karatasi ngumu na kalamu nene, nikaandika kwa mwandiko wangu ule ulionyooka:

6 – SALAMA
9 – ZIMA INJINI MARA MOJA

Nikaibandika kando ya usukani.

Kesho yake jioni Zuhura alinipigia simu kutoka Pangani. Sauti ilikuwa ya chini, na nyuma yake nilisikia watu wakisoma hitima. Alisema kaka yake amechemsha mara nne na hata hajafika lami. Yeye alimwambia geji haijawahi kufika tisa tangu ifungwe, naye akamjibu kwamba kwake imefika mara nne, na macho anayo. Muhidini alikuwa amekwisha kumwita Twalha, mnunuzi wa vyuma chakavu wa Chalinze, aje kesho.

"Nitapanda basi la alfajiri," alisema. "Babu, tangulia wewe. Wasilikate gari kabla sijafika."

Usiku ule nilizipitia waya zote kichwani. Mshale ukipanda pasipo joto, mara nyingi waya wa sensa umechubuka na kugusa bodi. Niliwaza ule mpira niliouweka kwenye tundu, nikawaza na mikono yangu, kama imeanza kuzeeka kabla yangu.

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi Kiwangwa na kifaa changu cha kupimia umeme. Pikapu ilikuwa kando ya njia ya shamba chini ya mlima, mananasi nyuma yamefunikwa majani na yameanza kunukia kupita kiasi. Twalha alikuwa anazunguka akigonga bodi kwa vidole. Muhidini alinipa shikamoo yake kwa adabu, lakini uso ulikuwa umefungwa.

Nilipima waya. Mzima. Nikafungua mpira, nikatazama kiungo, nikavuta kila kifundo. Vyote vizima. Nikaweka kiganja kwenye rejeta, ya baridi kabisa. Nikamwomba Muhidini awashe, nami nikasimama mlangoni nikitazama pamoja naye. Mshale ulinyanyuka kutoka kushoto chini, ukapanda polepole kama inavyotakiwa injini ikianza kupata joto. Ulipofika kushoto katikati, Muhidini akazima.

"Umeona mwenyewe, mzee wangu. Dakika tatu tu."

"Nimeona nini?"

"Tisa hiyo." Akagonga karatasi yangu, kisha akagonga kioo cha geji, upande wa kushoto. "Saa ya msikitini kwetu ina tisa upande huu. Ya kwenu Bagamoyo ina tisa wapi?"

Nilisoma karatasi. Nikaisoma tena. Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Zuhura nilimwambia kwa mdomo saa tisa, na kila mtu wa kwetu akisikia saa tisa anauona mshale ukielekea kulia, palipoandikwa tatu, kwa sababu ndiyo saa yetu ya alasiri. Muhidini hakusikia saa. Alisoma tarakimu, akaitafuta tarakimu mahali inapokaa. Kila injini ilipoanza kupata joto lake la halali, yeye aliizima kwa amri yangu.

"Muhidini," nilimwuliza, "alasiri ikiadhiniwa saa tisa na nusu, mshale mfupi wa hiyo saa ya msikitini unakuwa upande gani?"

Alinyanyua mkono wa kushoto, akausimamisha hewani, akaushusha. Akanyanyua wa kulia.

"Kwenye tatu," alisema polepole. "Sasa mzee, kwa nini hukuandika tatu?"

"Kwa sababu dada yako angeisoma saa tatu, angezima kila asubuhi kama wewe."

Twalha alicheka hadi akashika ubao wa gari. Muhidini hakucheka. Alisema yeye si mjinga, na hapendi kufanywa kichekesho mbele ya mtu wa kuja. Nilimwambia mjinga ni aliyeandika. Maneno hayo sikuwahi kuyasema mbele ya mteja, na yalitoka kwa shida kama msumari ulioshika kutu, lakini yalikuwa kweli na yeye alistahili kuyasikia. Nikaibandua karatasi. Nikakata kipande chembamba cha utepe mwekundu wa umeme, nikakibandika juu ya kioo cha geji mahali pa hatari hasa. Kazi ya nusu dakika. Ningeifanya siku ya kwanza kama nisingeupenda sana mwandiko wangu.

Hata hivyo Muhidini hakukubali upesi. Alisema karatasi ni jambo moja na mlima ni jambo jingine. Injini ya kwanza ilifia pale pale juu, na hii yeye hajaiona ikipanda na mzigo. Twalha abaki hapo hapo. Gari likifika lami bila kugusa wekundu, arudi kwao. Likigusa, alichukue.

Zuhura alishuka kwenye bodaboda karibu na adhuhuri, kanga ya msibani bado kiunoni. Nilimweleza kosa langu lote. Alinitazama kidogo, akasema kaka yake amwachie usukani. Tukakaa watatu mbele, mimi katikati.

Mshale ulipanda hadi saa sita, ukakaa. Mlima ukaanza. Mashimo, mchanga, gari linanguruma gia ya pili. Mshale ukasogea sita na nusu. Ukafika saba. Muhidini aliinama mbele hadi bega lake likanibana, na nilisikia anavuta pumzi kwa pua. Pale palipo na kona mbaya, mshale ulikuwa saba na nusu na bado unatembea.

"Zima," alisema Muhidini.

"Bado kaka."

Zuhura alirudisha gia ya kwanza, akapunguza mwendo hadi ukawa wa mtu anayetembea. Kisha akanyoosha mkono, akafungua hita mpaka mwisho. Jua la adhuhuri, watu watatu, na hewa ya moto ikatupiga usoni. Muhidini akaniuliza kama huyu ana akili zake. Nilimwambia joto linalotupiga sisi limetoka kwenye maji ya injini, kwa hiyo avumilie. Mshale ukasimama. Ukasita. Ukaanza kurudi, saba na robo, saba. Tulipofika juu ulikuwa sita na kidogo.

"Nani alikufundisha hilo?" aliuliza Muhidini.

"Hakuna. Nilijaribu wiki ya pili nikaona mshale unarudi. Zamani nilikuwa naendesha kama kipofu, kaka. Sasa naona, kwa hiyo najua la kufanya."

Tulipokanyaga lami, Muhidini aliomba asimamishiwe. Alishuka, akazunguka mbele, akaweka kiganja kwenye boneti na kukiacha hapo muda mrefu kuliko anayepima joto. Akatoa simu, akamwambia Twalha atafute chuma kwingine, hili lina mwenyewe. Hakutaja kwamba ni la wawili. Zuhura alisikia, nami nilisikia.

Akarudi, akafungua mlango wa dereva.

"Sogea nami nijifunze."

"Siku nyingine," Zuhura alimwambia. "Mananasi yamelala siku mbili, yanaanza kuchacha, na sokoni Bagamoyo watu hawali pombe."

Muhidini aliingia upande wake. Mpaka tunafika mjini hita ilikuwa bado inavuma, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyethubutu kuwa wa kwanza kuifunga.