Marehemu wa Manjano

Hakuwa na macho, hakuwa na masikio, hakuwa na miguu wala mdomo. Ubongo ndio kabisa, hata tone. Alikuwa ute wa manjano unaotambaa polepole kwenye sahani ya maabara, na wanafunzi walimwita Bwana Uji.

Mwalimu wa bayolojia alimlea kama mtoto wa kumzaa. Siku moja akachora ramani ya shule kwenye karatasi ya kuchujia, akatia punje ya shayiri katika kila chumba, akamweka Bwana Uji katikati. Kesho yake kiumbe alikuwa ameunganisha madarasa, jiko na choo kwa njia fupi kuliko zote. Ofisi ya mkuu wa shule peke yake ndiyo aliyoiruka.

Mkuu akaja, tumbo mbele, mikono nyuma.

"Na mimi?"

"Pembe hiyo inapigwa na jua, mkuu. Yeye hukimbia mwanga."

"Anakimbia mwanga au ananikimbia mimi? Nani kamfundisha?"

"Hafundishiki. Hana ubongo."

"Asiye na ubongo ndiye anipangie njia! Hapa njia zote zinapita mlangoni kwangu."

Kweli. Hata aliyebanwa na haja alipaswa kupita pale kwanza, asalimie.

"Mwanike juani mpaka afe. Nitakagua mwenyewe."

"Pole, mwalimu," mpishi alinong'ona dirishani. "Mtu mzima kuonea wivu uji!"

Mwalimu alimwanika. Mkuu akaja, akagonga kwa kalamu: ko, ko. Mkavu kama ukoko wa sufuria.

"Marehemu," akatamka, akaondoka ameridhika.

Asichokijua ni kwamba kiumbe yule akikauka hafi. Hulala tu, akingoja maji. Mwalimu akaikata karatasi yenye ukoko, akaitia kwenye bahasha ya kumpelekea dada yake, mwalimu wa shule nyingine, pamoja na barua: "Dada, mnyunyizie maji, mpe shayiri, mfiche gizani. Mkuu wako asimwone."

Lakini barua zote za shule mkuu alizifunga mwenyewe. Ulimi wa mtu mwingine hakuuamini.

"Hii ya nini?"

"Ya msiba, mkuu. Nampa dada habari."

"Oh, poleni sana. Kazi ya Mungu haina makosa."

Akailamba bahasha kwa huruma, kushoto, kulia, akarudia. Mwalimu akaomba kimoyomoyo mate yasipenye, marehemu asije akaamka mezani. Mkuu akagonga mhuri, akaita tarishi:

"Peleka posta, upesi! Watu wana msiba."